Mgomba wa Nyasani

Nairobi,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Tata, baba yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na Mama, na kwamba majani chai yamepata mvua. Naituma kwa gari la asubuhi, uichukue dukani kwa Subhash pale Kisii mjini kama kawaida. Umesema siku zote kwamba mambo ya nyumba hayazungumzwi kwa simu, na hili ni la nyumba.

Tata, nimeacha ufamasia.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuichana mara tatu, kwa hivyo naiacha hapo peke yake. Sijafeli. Alama zangu unazijua, umezibandika sebuleni kando ya kalenda ya kanisa. Lakini muhula uliopita nilikimbia mvua nikaingia ukumbi usio wangu, nikamkuta mwalimu akieleza jinsi nchi mbili zinavyoweza kugawana mto mmoja bila kupigana. Nikakaa nyuma. Wiki iliyofuata hapakuwa na mvua, na bado nikarudi. Nimekuwa nikirudi tangu Septemba. Siku moja nikiwa maabara, akili iko kwingine, nilikosea kipimo ambacho mgonjwa wa kweli angekufa nacho. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nimeomba kuhamia Siasa na Uhusiano wa Kimataifa. Najua ni mwaka wa tatu na nimechelewa. Nitarudishwa nyuma, na wenzangu watamaliza waniache. Idara imekubali kunipokea, ila kwa sababu ya huko kuchelewa wanataka barua ya mzazi, iliyoandikwa kwa mkono, pamoja na fomu yao niliyoiweka humu, viwafikie kabla ya tarehe 28 Machi. Bila hiyo barua jina langu halitaingia, na maabara siwezi kurudi. Nakuomba uniandikie.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo. Nilipotaja jina langu pale ofisini, karani wao Beverlyne, msichana wa kwetu kutoka Nyaramba, alikwenda kabatini, akarudi na jalada kuukuu. Akasema, "Nyasani Bosire? Lakini faili yako iko hapa kitambo." Nikamwambia mimi nimekuja leo tu. Akaangalia tarehe, akalifunga, akaniuliza kama niko sawa. Nimelala na swali hilo siku mbili.

Mwanao,
Nyasani


Kebirigo,
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mwanangu Nyasani,

Barua yako nimeipata. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu, maana miaka ishirini na saba ya ualimu haitoki mkononi kwa kustaafu mapema tu. Nimekupa kumi na nne kwa ishirini. Mwandiko wako umeharibika tangu uanze kuchapa kila kitu kwa kidole gumba.

Jibu langu ni hapana.

Jina ulilo nalo ni la ndugu yangu mdogo. Alisoma kilimo miaka miwili, mwaka wa tatu akageuka, akasema anataka siasa. Mwaka huohuo akaugua malaria akafa. Kaburi lake umelifagia tangu ukiwa mtoto, sina haja ya kukusimulia. Usilolijua ni kwamba nimekutazama kwa miaka ishirini na miwili nikitafuta dalili. Ulipoanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, kama yeye, niliufunga mkono huo kwa kitambaa mpaka ukasahau. Ulipoanza kubishana na mchungaji kuhusu mahubiri, nilikupeleka shule ya bweni. Dawa nilikuchagulia mimi, na nilikuwa na sababu. Mtu wa dawa hukaa ndani, nyuma ya kioo, na kila anayemtafuta anajua yuko wapi.

Mwaka jana vijana wa rika lako walipotoka barabarani kuandamana, nilikupigia simu mara kumi na saba kwa siku moja. Ulicheka. Mimi sikuwa nikicheka.

Kama utaendelea na siasa, usije Kebirigo. Nimeandika hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Nenda uwaombe radhi walimu wako wa ufamasia, na mama yako asijue kwamba uliwahi kufikiria jambo hili.

Ule mgomba wa kaburini umechipuka tena. Nimeukata. Naukata Jumatatu, Ijumaa tayari una jani.

Kuhusu hilo faili, majina hufanana. Usilifungue.

Baba yako,
Ogoti


Nairobi,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Kwa Shangazi Mong'ina,

Habari za Nyakoe na za cherehani? Nakuandikia wewe kwa sababu ni wewe pekee nyumbani usiyenijibu kwa wino mwekundu.

Tata amenikataza kuhamia siasa. Kukataza nilikutarajia. Lakini ameniambia nisifungue faili fulani, ambalo sikuwa hata nimefikiria kulifungua, na tangu siku hiyo silali. Nasoma na taa ikiwa imewaka. Nikifumba macho naota niko nyumbani, nafagia kaburi la Baba Mdogo, na kuna mtu ndani anaita jina, na siwezi kujua kama ananiita mimi au anajitaja yeye.

Shangazi, Baba Mdogo alikufaje? Niambie, mimi nimekuwa mtu mzima.

Wako,
Nyasani


Nyakoe,
Alhamisi, 27 Februari 2025

Nyasani wangu, mume wangu mdogo wa utani,

Nimekusoma nikiwa na sare thelathini za shule za kushona, kwa hivyo nisamehe kama barua hii ina nyuzi. Baba yako angenipa sita kwa ishirini na kuniambia nirudie darasa la tano. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Mimi nimempita umri, lakini ananisahihisha.

Sasa sikia, na ukae chini. Kaburini hapo hakuna mtu.

Baba yako Mdogo hakuugua malaria. Alitoka nyumbani siku ya Sabato, mwezi wa kumi na mbili mwaka wa tisini na saba, na watu wawili waliokuja na gari jeupe. Waliingia, wakakaa, wakanywa chai. Mimi ndiye niliyewapa vikombe. Walisema wametoka chuoni na wanataka kuongea naye kidogo tu. Akavaa koti la baba yako kwa sababu lake lilikuwa limeloa, akaniambia, "Dada, usinywe chai yangu, narudi." Kikombe kilikaa hapo mezani mpaka kesho yake. Tulimtafuta vituo vyote, mochari zote, mpaka Nakuru. Chuo kilisema hakikutuma mtu.

Mama yetu alingoja miaka minne. Mwishowe wazee wakasema mtu asiye na kaburi anarandaranda na atasumbua watoto wa boma. Ukikosa mwili unazika shina la mgomba, hilo unalijua. Unakata shina tu, unalivika shuka, unaomba, unafukia. Baba yako akasema atalileta yeye. Usiku huo, nani anajua alikuwa na nini, akaenda kwenye mgomba mkubwa uliokuwa mlangoni kwetu akaung'oa wote, na kisiki chake na mizizi yake. Tukauzika hivyohivyo, shuka lilifunika, hakuna aliyeona. Mvua ya Aprili iliponyesha, kaburi likachipuka.

Mwanangu, soko lote la Kebirigo lilikuja kutazama. Wakasema huyo mliyemzika hajafa. Mama yetu akakataza jani lolote lisikatwe. Halafu wewe ukazaliwa, ukalia siku tisa bila kunyonya. Walikuita Geoffrey, ukalia. Wakakuita Bosire, ukalia. Nyanya yako akakuchukua, akakusimamisha mbele ya ule mgomba, akasema, "Nyasani, ni wewe?" Ukanyamaza. Baba yako akakimbilia nyuma ya nyumba akalia. Mimi nilidhani ni furaha.

Siku zote nimetaka kumwuliza kitu kimoja nikashindwa. Wale watu hawakuuliza njia. Nyumba zetu pale zinafanana, na hakuna jirani aliyewaelekeza. Walikuja moja kwa moja.

Kula vizuri. Usisome gizani.

Shangazi yako,
Mong'ina


Nairobi,
Jumanne, 11 Machi 2025

Kwa Mwalimu Ogoti Bosire,

Nimelifungua.

Beverlyne aliniruhusu nikae nalo saa moja kwenye meza yake, akafunga mlango akaenda kutafuta chai ambayo hakuitaka. Ndani mna fomu ya kuhama, imejazwa kwa mkono wa kushoto, herufi zote zimelalia nyuma. Mna picha. Tata, ungeniambia kuhusu hiyo picha. Nilidhani ni mimi nimevaa shati la mtu.

Na chini ya vyote mna barua. Sikuhitaji kusoma jina. Mwandiko huo umenifundisha kusoma, upo kwenye kila daftari langu tangu nursery. Kichwa chake kimepigiwa mstari kwa rula. Ni barua rasmi, haina kosa hata moja. Nimeinakili hapa ili usiseme nimekosea:

"Ndugu yangu ameacha kilimo bila idhini ya familia, na ameingiliwa na marafiki wa maneno mengi. Naomba ofisi yako itume mtu wa kumshauri kabla hajajiharibia maisha. Atakuwa nyumbani Kebirigo kuanzia tarehe 12 Desemba. Nyumba yetu ni ya pili kutoka kituo cha kuuzia majani chai, yenye mgomba mkubwa mlangoni."

Juu yake kuna muhuri wa kupokelewa, na mtu ameizungushia kalamu ile tarehe ya kurudi nyumbani. Ni tarehe hiyo tu na ule mgomba.

Mama aliwahi kucheka mbele yetu kwamba mlipokuwa mkifundisha shule moja, kila mwaka somo la barua rasmi ulikuwa unamwachia yeye alifundishe darasa lako, unasema koo linakuwasha. Nami nilicheka. Nimekuwa nikikumbuka kicheko hicho tangu jana na nasikia aibu.

Umenifunga mkono wangu wa kushoto. Umenifanya nifagie kaburi la mgomba. Umeniambia nisije Kebirigo, je, uliniambia mimi au yeye? Nakuogopa, Tata. Sikuwahi kukuogopa hata siku ya kiboko, leo nakuogopa kwa sababu unajua ninapolala. Kwa hivyo nimehama. Chumba nilichomo sasa hukijui, na wenzangu nimewaomba wasikutajie. Pasaka sitakuja, na siku nitakayokuja sitakutangazia.

Ukitaka kuandika, mpe Shangazi Mong'ina. Tarehe 28 bado ipo palepale. Sijui tena kama naitaka barua kutoka kwako. Sijui kama naweza kuishika.

Nyasani


Kebirigo,
Ijumaa, 21 Machi 2025

Mwanangu,

Hii sitaisahihisha. Mong'ina ataichukua akitoka sokoni. Amekaa nje kwenye gogo, hataki kuingia, na ana haki.

Kila ulichosoma ni kweli na ni mwandiko wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mwalimu mpya, mtu wa kanisa, niliyeamini kwamba ukiandikia ofisi kwa adabu, ofisi itakujibu kwa adabu. Nilidhani watamleta mchungaji wa chuo au mwalimu mzee, amkalishe, amrudishe kwenye kilimo. Nilitaka kuiokoa digrii yake. Hakuna aliyenilazimisha. Sikulipwa, sikutishwa. Nilijivunia barua ile. Niliisoma kwa sauti kabla ya kuifunga.

Walipofika Sabato ile niliwapokea mimi mlangoni. Mmoja wao aliugusa mgomba akasema, "Ndio huu." Hapo nilijua wametoka kwenye barua yangu, na bado sikushtuka, nilifurahi kwamba ofisi imenisikia. Nilimwambia Nyasani avae koti langu kwa sababu ya baridi. Aliniangalia. Mpaka leo sijui kama alijua.

Kisha nikanyamaza. Ningesema siku ya pili, labda tungejua pa kuanzia kumtafuta. Sikusema siku ya pili, na siku ya tatu ilikuwa ngumu kuliko ya pili. Mama yangu alikufa akiniombea heri kwa jinsi nilivyomtafuta ndugu yangu. Ule mgomba niliung'oa kwa sababu sikuweza tena kupita mlangoni nikauona. Niliung'oa kwa hasira, pamoja na kisiki, nikadhani nimeufukia. Watu wakasema hajafa. Mimi nilijua ananidai jibu. Ulipozaliwa na kunyamaza kwa jina lake, nilijua atalichukua kupitia wewe, na nikaanza kukukata kama ninavyoukata ule mgomba, kila dalili ikitokea. Nilidhani nakulinda. Nilikuwa nailinda barua yangu.

Jumapili nilimwita mama yako na Mong'ina sebuleni nikawaambia. Mong'ina alinyanyuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu, akarudi na kikombe kimoja cha chai, akakiweka mezani mahali alipokuwa akikaa Nyasani, akaondoka. Mama yako ananipakulia chakula, kisha anakwenda kula jikoni peke yake. Kanisani nimeomba niondolewe kwenye wazee. Hawakuniuliza sababu, na wakiniuliza nitawaambia.

Tangu siku hiyo sijaukata mgomba. Una majani manne.

Nilikuandikia usije Kebirigo. Maneno hayo nayafuta. Uje au usije, upendavyo, na usinitangazie. Umefanya vizuri kuhama chumba. Ningekuwa wewe ningehama pia.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili, ya ofisi, pamoja na fomu yao. Ni barua rasmi ya kwanza kuandika tangu ile. Ilinichukua siku nne, na koo liliniwasha kweli. Sijaifunga. Isome kwanza wewe, kila mstari. Ukiona humo neno lolote linaloweza kumleta mtu mlangoni pako, ichane, na usinieleze kwa nini.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, usome siasa hivyohivyo.

Ogoti


Ogoti Bosire,
Kebirigo, Nyamira.
21 Machi 2025

Kwa Mkuu wa Idara ya Siasa na Uhusiano wa Kimataifa.

Bwana au Bibi,

KUH: KUHAMA KWA MWANAFUNZI NYASANI BOSIRE

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Nimearifiwa kwamba anataka kuacha ufamasia katika mwaka wake wa tatu na kuingia idara yako, na kwamba kwa sababu ya kuchelewa unahitaji idhini yangu.

Idhini natoa. Kuchelewa kwake ni kosa langu. Alikuwa akielekea kwako tangu utoto, nami nikamgeuza.

Katika kabati lako mna faili jingine lenye jina hilohilo. Si lake. Ni la ndugu yangu, na ndani yake mna barua yangu ya Novemba 1997. Naomba usiitupe wala usiifiche. Jamaa yeyote wa nyumba hii akiiomba, mpe, na akiuliza aliyeiandika, mtajie jina langu. Naomba pia mafaili hayo mawili yasichanganywe. Huyu ni mtu mwingine.

Fomu yako ina nafasi ambapo mzazi anatakiwa kuandika mahali mwanafunzi anapoishi na tarehe atakazokuwa nyumbani wakati wa likizo. Nafasi hiyo nimeiacha wazi. Mahali anapoishi sipajui. Na siku atakapokuja nyumbani, hutaijua kutoka kwangu.

Wako mwaminifu,
Ogoti Bosire
Mzazi